Tumzike kwa Jina Gani?

Maiti ana haki gani juu yetu sisi tulio hai? Katika visiwa vyetu mtoto hulijua jawabu la swali hili kabla hajaanza skuli. Maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na huzikwa. Mambo hayo manne hayategemei mali aliyoiacha, wala cheo alichokuwa nacho, wala wema wake. Mlevi wa mtaani huoshwa kama anavyooshwa sheikh. Tena wajibu huo ni fardhi kifaya: wakiutimiza wachache, waliobaki wamesalimika; asipoutimiza yeyote, dhambi ni ya mji mzima. Kisha tunamwita marehemu, yaani aliyerehemewa, na twamwita hivyo kabla hatujajua Mola wake amemhukumu vipi. Lugha yetu humtangulizia mtu rehema.

Lakini liko jambo la tano ambalo hatulihesabu kwa sababu halijapata kutusumbua. Maiti huitwa kwa jina lake. Jina hilo ndilo linalotangazwa msikitini, ndilo linalowatoa watu makazini na mashambani waje wabebe jeneza, na ndilo wanalolitamka majirani wanapopeana pole. Hatujawahi kujiuliza ingekuwaje kama jina lenyewe lingekataliwa. Makala haya yanawahusu watu walionyimwa hilo la tano, na walionyimwa kwa sababu ile ile iliyowafanya wauawe.

Usiku wa tarehe 28 Novemba, 1998, katika kitongoji cha Allston mjini Boston, Marekani, mwanamke mweusi aitwaye Rita Hester alichomwa kisu nyumbani kwake mara zipatazo 20, akafa. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu atimize umri wa miaka 35. Rita alipozaliwa aliandikwa kuwa ni mwanamume, lakini alikuwa ameishi miaka mingi akiwa mwanamke, na kwa watu wa kumbi za muziki za kitongoji kile hakuwa mwengine ila Rita. Watu kama yeye, ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao na wanayoiishi siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, siku hizi ulimwengu unawaita transijenda. Neno ni geni. Watu wenyewe, kama tutakavyoona, si wageni.

Magazeti ya mji ule yaliandika habari ya kifo chake kwa jina alilopewa utotoni, na kila yalipolitaja jina la Rita yalilifunga ndani ya alama za kunukuu, kama mtu ashikaye kitu kichafu kwa ncha za vidole. Kiingereza, kama ajuavyo msomaji, kina neno moja kwa mwanamume na jengine kwa mwanamke hata pale ambapo sisi tungesema "yeye" tu. Magazeti yakamtumilia marehemu lile la mwanamume. Marafiki zake waliandamana kupinga. Tarehe 4 Desemba mwaka huo watu wapatao 250 walikusanyika Allston na mishumaa mikononi, wakenda hadi penye nyumba yake. Mama yake mzazi alikuwapo. Alisema kwamba lau ingewezekana angelikufa yeye mahali pa mwanawe, na visu vile angelivipokea yeye. Na jina alilomwitia mwanawe usiku ule lilikuwa Rita.

Muuaji hajajulikana hata leo. Lakini kifo kile kilimgusa mwanamke mwengine, Gwendolyn Ann Smith, naye pia ni transijenda. Alipokuwa akizungumza na wenzake juu ya Rita, aliwakumbusha habari ya Chanelle Pickett, aliyeuawa tarehe 20 Novemba, 1995, huko huko karibu na Boston. Kesi ya Chanelle ilikuwa imekwisha kwa mshitakiwa kuachiwa shitaka la kuua, akahukumiwa kwa kosa la kushambulia tu na kifungo cha kiasi cha miaka miwili. Smith aligundua kwamba wale aliozungumza nao hawakumkumbuka Chanelle. Ilikuwa imepita miaka mitatu, na mtu alikuwa amekwisha kufutika. Basi akaanza kuandika orodha ya majina, na mwaka 1999 ikafanywa kumbukumbu ya mwanzo. Tangu hapo tarehe 20 Novemba ya kila mwaka imekuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi za dunia. Na linalofanywa siku hiyo, kila mahali, ni jambo moja dogo: majina husomwa kwa sauti, moja baada ya jengine.

Pana faida gani katika kusoma majina? Mtu mwenye akili timamu anaweza kusema kwamba maiti hasikii, na kwamba jina ni upepo tu. Ukimwita Rita au ukimwita vyengine, amekwisha kufa. Hoja hii ina nguvu zake, na haifai kupuuzwa. Lakini tukiishika tutalazimika kuiacha sehemu kubwa ya ubinadamu wetu. Maiti hasikii, na bado tunalipa madeni yake. Maiti haoni, na bado tunautekeleza wasia wake. Maiti hawezi kujitetea, na ndiyo maana tunaona ni uovu mkubwa zaidi kumsengenya yeye kuliko kumsengenya aliye hai. Haya yote yanaonesha kwamba tunaamini, hata wale kati yetu wasiopenda falsafa, kwamba mtu anaweza kudhulumiwa akiwa kaburini. Na jina alilolichagua mtu akaliishi miaka kumi au ishirini, akalipigania kwa machozi na wakati mwengine kwa damu, ni wasia ulio wazi kuliko ulioandikwa mbele ya kadhi.

Huenda msomaji akajibu kwamba jina la kweli ni lile mtu alilopewa na wazazi wake. Ikiwa hivyo, mbona sisi wenyewe hatulifuati? Mgeni akija hapa akasilimu, akajiita Ali, akaishi nasi miaka thelathini, siku ya kufa kwake hatumtangazi kwa jina alilobatizwa. Atakayefanya hivyo tutamwona mtovu wa adabu, na pengine atapigwa. Bi harusi aliyekuwa Fatuma, akishazaa, huwa Mama Fulani mpaka kaburini. Malenga hupewa lakabu, na lakabu ikalimeza jina lake lote. Tunajua, basi, kwamba mtu anaweza kuwa yule aliyekuwa si yeye jana, na kwamba heshima ni kumwita kwa kile alichokuwa. Tunalijua jambo hilo vizuri sana. Tunalisahau kwa watu fulani tu.

Lugha yetu inalo funzo hapa. Kiswahili hakimgawi mtu kwa uume na uke katika kitenzi wala katika kiwakilishi. Aliyekuja amekuja, aliyelia amelia, aliyeuawa ameuawa. Ugomvi ule wa magazeti ya Boston, wa kiwakilishi gani kimwandame Rita, kwetu usingeweza hata kuanza. Kinachotafutwa na sarufi ya Kiswahili ni jambo jengine: je, huyu ni kiumbe mwenye uhai, au ni kitu? Tazama maneno kipofu, kiziwi na kiwete. Waliotangulia waliyatia katika ngeli ya vitu, kana kwamba ulemavu umemshusha mtu daraja. Lakini kitenzi kikakataa. Twasema kipofu amekuja, wala hatusemi kimekuja, isipokuwa tumedhamiria kutukana. Jina humshusha, na kitenzi humnyanyua humrudisha kwa watu.

Sisemi kwamba kwa sababu hiyo sisi ni wapole kuliko Wamarekani. Sarufi haijapata kumzuia mtu kuokota jiwe. Nasema tu kwamba ndani ya lugha tunayoinena kila siku imehifadhiwa hukumu ya zamani, kwamba swali la kwanza juu ya mtu si mwanamume au mwanamke. Swali la kwanza ni mtu au si mtu. Na likishajibiwa hilo, mengi yaliyobaki ni mazungumzo ya barazani.

Nataka kuyaweka mbele ya msomaji makaburi mawili, ili tuone tofauti inayofanywa na jina. La kwanza liko Nebraska, Marekani. Alozikwa hapo ni Brandon Teena, kijana wa miaka 21 aliyezaliwa akaandikwa mwanamke na kuishi akiwa mwanamume. Mnamo Desemba 1993 wanaume wawili walipoigundua siri ya mwili wake walimbaka. Alikwenda kushitaki. Mkuu wa polisi wa wilaya alimhoji kwa maneno ya kumdhalilisha, akawaacha wale wawili wakitembea. Siku ya mwisho ya mwaka ule wakamwendea wakamuua, na pamoja naye wakawaua watu wengine wawili waliokuwa katika nyumba ile. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Nebraska iliamua kwamba wilaya ilikuwa na wajibu wa kumlinda na haikumlinda. Lakini juu ya jiwe la kaburi lake limechongwa jina alilolikimbia, na chini yake maneno yanayomtaja kuwa ni binti na dada. Sina shaka kwamba aliyeyaandika alimpenda. Hata hivyo, kila apitaye hapo husoma habari za mtu mwengine.

La pili ni la Gwen Araujo wa California. Alikuwa na miaka 17 tu. Mwezi wa Oktoba 2002 wanaume waliokuwa wakimjua walimpiga na kumnyonga katika nyumba moja mjini Newark walipojua kwamba alizaliwa na mwili wa kiume. Mahakamani mawakili wao walijaribu hoja ambayo imekuwa kimbilio la wauaji wa aina hii: kwamba mshitakiwa alishituka, akapandwa na jazba, na kwa hivyo si muuaji hasa. Msomaji aipime hoja hiyo. Inasema kwamba kuwapo kwa yule mtu, kule kuwa kwake vile alivyo, kulikuwa uchokozi wa kutosha kupunguza uzito wa damu yake. Kesi ya mwanzo ilivunjika bila ya uamuzi. Katika ya pili, mwaka 2005, wawili walitiwa hatiani kwa kuua. Mwaka 2014 California ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuipiga marufuku hoja hiyo mahakamani.

Lakini ninalotaka kulikumbusha hapa ni kitendo cha mama yake. Mwaka 2004, mwanawe akiwa udongoni tayari, alikwenda mbele ya hakimu akaomba jina la marehemu libadilishwe kisheria, liwe Gwen. Hakimu akakubali. Ukiangalia kwa macho ya biashara, kitendo kile hakikuwa na faida yoyote: marehemu hana benki, hana pasi ya kusafiria, hana cheti cha ndoa atakachokiandika. Mama yule alilipa deni. Alitambua kwamba kuna haki ambayo mwanawe aliikosa akiwa hai, na kwamba mauti hayakuifuta.

Sasa najua kwamba barazani patakuwa na mtu anayetikisa kichwa. Atasema: haya yote ni ya Boston, Nebraska na California, ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Kabla sijamjibu kwa hoja, na nimjibu kwa kisa.

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaani kwetu alikuwapo mtu aliyeishi peke yake katika chumba cha uani. Alishona, alichora hina, na hakuna harusi ya mtaa ule iliyopita bila ya yeye kuitwa kumpamba bibi harusi. Wanawake walimfungulia milango yao ambayo mwanamume hafunguliwi. Nyumbani kwake alijifunga kanga. Vijana walimpa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, nasi watoto tukaliimba nyuma yake bila kujua maana yake. Usiku mmoja, umeme ulikuwa umekatika, tulisikia mlango wa uani unavunjwa, kisha tukasikia sauti. Sauti ile iliendelea kwa muda mrefu. Baba aliinuka. Nilidhani anatoka. Alifunga dirisha, akarudi kukaa. Mama alisema, kwa sauti ya chini, "Baba watoto, yule naye kazaliwa na mama." Baba akajibu, "Hayo si yetu."

Asubuhi palikuwa na damu barazani, na mtu mmoja alikuwa akiiosha kwa ndoo na fagio la makuti. Jirani yule alichukuliwa hospitali, wala hakurudi. Wengine walisema amefariki. Wengine walisema amevuka kwenda bara. Hakuna aliyeuliza zaidi. Chumba kilipangishwa mtu mwengine kabla ya mwezi kwisha. Baba yangu alikuwa mtu mwema: aliwalisha mayatima, alikuwa wa kwanza kufika penye msiba. Nimekuwa nikilifikiri dirisha lile kwa zaidi ya miaka arubaini, na nimeamini kwamba udhalimu mkubwa hauhitaji watu wabaya wengi. Unahitaji wabaya wawili watatu, na mtaa mzima wa watu wema wenye madirisha.

Basi si mambo ya Wazungu. Wazee wetu wanawakumbuka watu wa aina hii katika ngoma na harusi za wanawake, tena kabla ya redio kufika vijijini. Kilicholetwa kutoka nje ni neno, si mtu. Na labda nasi tuongeze kwamba wale wanaosema hawapo ndio wale wale wanaowajua kwa nyumba zao.

Mtu wa pili barazani atasema kwa upole zaidi: mimi simtakii mtu mauti, lakini dini yangu hainiruhusu kuyaridhia maisha ya namna hiyo, na kumkumbuka hadharani ni kuyaridhia. Huyu anastahili jawabu la heshima, maana ndiye wengi wetu. Kwanza na tukumbuke kwamba wanachuoni wa zamani hawakuogopa kufikiri. Wale wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa katika pwani yetu, walijadili kwa urefu habari ya huntha, mtu ambaye mwili wake haukubainika kuwa wa kiume au wa kike: asimame safu ipi, arithi fungu gani, nani amwoshe akifa. Ni kweli kwamba huntha na transijenda si kitu kimoja. La kwanza ni suala la maumbile ya mwili, la pili ni la nafsi. Lakini angalia namna walivyouliza. Hawakuuliza kama aoshwe. Waliuliza aoshwe vipi. Kwao shaka juu ya jinsia ya mtu haikuwa shaka juu ya heshima yake. Na katika zama zetu, Ayatollah Khomeini wa Iran alitoa fatwa katika miaka ya 1980 kuruhusu mtu kubadili jinsia kwa matibabu. Siisifu Iran, kwani pana lawama nyingi za watu wanaosukumwa kwenye kisu wasichokitaka. Nataka tu kuonesha kwamba mlango anaodhani msemaji wetu umefungwa kwa kufuli moja, wenzake katika imani wamewahi kubishana juu yake.

Pili, imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud habari ya mtu aliyejifananisha na wanawake, mikono na miguu yake ina hina, akaletwa mbele ya Mtume. Aliamriwa kuhamishwa mji. Waliokuwapo wakauliza kama wamuue, na Mtume akakataa, akisema amekatazwa kuwaua wanaosali. Sitaki kuificha sehemu ya mwanzo ya habari hii ili niipambe sehemu ya pili. Mtu yule alihamishwa, na anayeitafuta ridhaa hataipata hapo. Lakini anayetafuta mpaka ameupata. Damu yake ilikuwa haramu. Basi hata yule asiyeridhia chochote katika maisha ya jirani yangu alikuwa na wajibu, usiku ule, wa kutoka nje. Kumkumbuka aliyeuawa si kutoa fatwa juu ya namna alivyoishi. Ni kukiri kwamba aliyemuua hakuwa na haki. Anayeshindwa kukiri hilo asisingizie dini.

Mtu wa tatu husema: watu wote huuawa, kwa nini hawa wawe na siku yao? Jawabu ni kwamba wapo wanaouawa kwa ajili ya fedha zao, au ugomvi wa shamba, na wapo wanaouawa kwa sababu ya kuwa wao. Wa kwanza akiuawa, majirani zake huhuzunika. Wa pili akiuawa, wenziwe wote wanajua kwamba ujumbe umetumwa kwao. Mradi unaoendeshwa kutoka Ulaya wa kukusanya habari za vifo hivi ulihesabu watu 321 duniani kati ya Oktoba 2022 na Septemba 2023, na kwa miaka mingi mfululizo nchi iliyoongoza imekuwa Brazil. Tuisome hesabu hiyo kwa uangalifu. Inahesabu wale tu waliopata mtu wa kuwahesabu. Mahali ambapo aliyeuawa huandikwa kwa jina la utotoni, na jamaa wakaona haya, na polisi wakaandika ugomvi wa ulevi, hesabu huwa sifuri. Sifuri ile si amani. Jirani yangu hayumo katika hesabu yoyote. Na hapa ndipo tunapoona kwamba jina si pambo la msiba: ndilo linalotofautisha baina ya mtu aliyeuawa na mtu aliyepotea.

Lakini niseme na hatari iliyomo katika kumbukumbu yenyewe. Ni rahisi kuwapenda waliokufa. Hawaombi kazi, hawapangi chumba, hawaketi karibu nasi ndani ya daladala. Tunaweza kuwasha mshumaa tarehe 20 Novemba na tarehe 21 tukamfukuza mpangaji. Kumbukumbu ya namna hiyo ni unafiki, na wafu hawaihitaji. Ikiwa ni kweli kwamba waliuawa kwa kuwa walionekana si watu kamili, basi deni letu kwao hulipwa kwa walio hai.

Walio hai wanataka nini? Wengi wanataka mambo madogo mno, hata mtu huona haya kuyaita haki. Tarehe 7 Agosti, 1995, mjini Washington, mwanamke wa miaka 24 aitwaye Tyra Hunter alipata ajali ya gari. Mwokoaji aliyekuja kumhudumia, alipomkata nguo na kuona mwili wake, aliacha kazi akatoa maneno ya kejeli, na waliokuwa wamesimama wakawa wanamsihi aendelee. Tyra alifia hospitalini. Mwezi wa Desemba 1998 baraza la mahakama lilimpa mama yake haki ya fidia ya dola milioni 2.9, ingawa baadaye pande mbili zilipatana kwa kiasi pungufu. Alichokihitaji Tyra pale barabarani hakikuwa itikadi. Alihitaji mikono ya mtu aliyekwisha kuwa na mikono juu yake isisimame.

Au tuangalie karibu yetu zaidi. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alifaulu vizuri mtihani wake wa sekondari mwaka 2001, lakini cheti chake kilikuwa na jina na jinsia ya mtu ambaye mwajiri hamwoni mbele yake. Cheti kikawa ushahidi dhidi ya mwenye nacho. Alikwenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu mjini Nairobi ililiamuru Baraza la Mitihani la nchi hiyo limpe cheti kipya chenye jina lake, bila ya alama ya jinsia. Karatasi moja. Hakuna aliyepungukiwa na chochote kwa karatasi ile: hakuna mtahini aliyepoteza alama, wala mwanafunzi aliyenyang'anywa nafasi. Lakini mtu mmoja aliweza kuomba kazi bila ya kushukiwa kuwa ameiba cheti cha mwengine. Polisi anayeandika malalamiko bila ya kucheka, muuguzi asiyeita wenzake waje kutazama, mwenye nyumba anayeangalia kodi tu, karani anayeandika jina aliloambiwa: hiyo ndiyo orodha nzima. Mlinganishe na gharama ya jeneza.

Nimeuliza mwanzoni maiti ana haki gani juu yetu. Nadhani sasa naweza kujibu, angalau kwa nafsi yangu. Ana haki ya kuitwa vile alivyokuwa. Na haki hiyo ni fardhi kifaya kama zile nyengine nne: wakiitimiza wachache, mji umesalimika, asipoitimiza yeyote, sote tuna dhambi. Mwaka 2022 ilichorwa huko Allston picha kubwa ya Rita Hester ukutani, katika kitongoji alichouawa, na jina lake halikutiwa ndani ya alama zozote. Wachache wamewatimizia wengi.

Kwa jirani yetu hakuna aliyetimiza. Nimejaribu. Mwaka mmoja, baba akiwa amekwisha kufariki, nilimuuliza mama kama analikumbuka jina lake. Mama alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba wao wanawake, ndani, wakati wa hina, walikuwa wakimwita kwa jina alilolitaka mwenyewe, na jina lenyewe lilikuwa zuri, lakini limemtoka. Aliahidi kwamba likimrudia ataniambia. Mama naye sasa ni marehemu. Hakuniambia.

Nimebaki na jina la utani tu, lile tuliloliimba nyuma yake. Hilo sitamzikia.